Uraibu wa Mzazi na Hiari ya Mtoto

Katika mali ambazo wazazi huwaachia watoto wao, nyingi zina kipimo na hati. Shamba hupimwa kwa hatua, nyumba kwa vyumba, na fedha kwa hesabu. Na watu wakikosana, kadhi au hakimu huamua nani apate nini. Lakini iko mali nyingine ambayo haiandikwi katika wasia wala haigombewi na ndugu, nayo ni yale mambo madogo ambayo mzazi aliyapenda alipokuwa mtoto: mchezo fulani, mkusanyo wa stempu, vitabu vya safari za ajabu, chombo alichokifungua na kukifunga tena mara nyingi ili ajue jinsi kilivyofanya kazi. Thamani ya vitu hivi sokoni ni ndogo. Hata hivyo wapo wazazi ambao wangevumilia zaidi kumwona mtoto akilipa kisogo shamba kuliko kumwona akiupa kisogo uraibu wao wa zamani.

Jambo hilo lastahili kufikiriwa. Uraibu ni kitu kipendwacho bila ya shuruti. Mtoto haamrishwi kuwa na uraibu. Huupata kama mtu apatavyo rafiki njiani, pasi na kujua kwa nini huyu na si yule. Je, yawezekana kumrithisha mwana jambo ambalo mzazi mwenyewe hakurithishwa na mtu yeyote? Na mzazi akijaribu, huwa anampa mtoto tunu, au huwa anamtaka alipe deni ambalo hakulikopa?

Swali hili huwa zito zaidi pale ambapo uraibu wenyewe ulikuwa wa kuchekwa. Mtoto aliyependa mpira hakuhitaji kujitetea, kwa kuwa aliupenda pamoja na wenziwe wote. Aliyependa kitu kigeni machoni pa wenziwe alikilipia kodi kila siku: kodi ya dhihaka, ya upweke, na ya kujificha. Katika Marekani watoto wa namna hiyo walipewa jina, na jina hilo lina historia. Mwanzoni mwa karne ya 20 lilikuwa jina la mtu wa chini kabisa katika maonyesho ya kusafiri, ambaye kazi yake ilikuwa kung'ata kichwa cha kuku hai mbele ya watu waliolipa kiingilio. Baadaye likahamishiwa kwa mtoto aliyependa mno hesabu, mitambo, au visa vya nyota na majitu. Waswahili husema kwamba kipenda roho hula nyama mbichi. Wamarekani, bila ya kuijua methali hiyo, walimwita mwenye kipenda roho kwa jina la mla kuku mbichi. Tofauti yake ni kwamba methali husamehe, na jina lile lilihukumu.

Hukumu hiyo haikutoka kwa watoto peke yao. Mnamo mwaka 1948, katika miji kadhaa ya nchi ile, magazeti ya hadithi za picha yalikusanywa na kuchomwa moto hadharani. Mwaka 1954 daktari wa maradhi ya akili, Fredric Wertham, alitoa kitabu cha kuyashutumu magazeti hayo kwamba yanawapotosha vijana; Baraza la Seneti likayachunguza; na wachapaji, kwa kuhofia sheria, wakajifunga wenyewe kwa kanuni kali. Wakubwa waliofanya mambo hayo hawakuwa wabaya. Waliwapenda watoto wao. Ila waliona kitu wasichokielewa, wakadhani kwamba kutoelewa kwao ni dalili ya ubaya wa kitu chenyewe.

Miaka 20 baadaye ilikuja zamu ya mchezo mwingine. Mwezi wa Januari mwaka 1974, katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Gary Gygax, aliyewahi kuwa mtu wa bima na kisha akawa akitengeneza viatu nyumbani kwake ili apate riziki, alitoa mchezo unaoitwa Dungeons & Dragons, alioutunga pamoja na kijana wa Minnesota, Dave Arneson. Ulikuwa vitabu vidogo vitatu ndani ya sanduku, na nakala za kwanza zilikuwa 1,000. Mchezo huu hauna ubao wala mshindi. Mmoja wa wachezaji huwa msimulizi, naye huchora ramani ya mapango na kumbi za chini ya ardhi bila ya kuwaonyesha wenziwe. Kila mmoja katika waliobaki hujifanya mtu mwingine: shujaa wa upanga, mchawi, au kasisi. Nguvu na udhaifu wa mtu huyo huandikwa kwa tarakimu katika karatasi. Msimulizi hueleza wanachokiona. Wao husema watakalolifanya. Na pale ambapo mambo yaweza kwenda huku au kule, dadu hutupwa, miongoni mwazo dadu yenye nyuso 20. Kwa hiyo vitu vinavyohitajika ni meza, penseli, karatasi, na watu waliokubali kuamini jambo moja kwa pamoja kwa muda wa saa kadhaa.

Mchezo huo nao ulishitakiwa. Mwaka 1979 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu katika jimbo la Michigan alipotea, na magazeti yakaeneza habari kwamba mchezo ndio uliompoteza. Alipatikana akiwa hai, na ikabainika kwamba sababu zake zilikuwa nyingine. Lakini uvumi hausubiri ubainifu. Mwaka 1983 mama mmoja wa Virginia, ambaye mwanawe alikuwa amejiua, aliunda chama cha kuupinga mchezo huo akiamini kwamba ndio uliomuua. Huzuni ya mama yule ilikuwa ya kweli, wala haifai kuchekwa na mtu yeyote. Bali kweli ya huzuni si kweli ya sababu yake. Katika miaka ile vitabu vingi vilitupwa na wazazi, na watoto wengi wakajifunza kucheza faraghani, mlango ukiwa umefungwa.

Watoto wale sasa ni watu wazima, na dunia imegeuka upande wao. Mwaka 2004 sinema iliyotokana na kitabu cha J. R. R. Tolkien, kitabu kilichokuwa karibu msahafu wa vijana wale waliochekwa, ilipata tuzo 11 za Oscar kwa usiku mmoja. Mwaka 2024, mchezo wa Lake Geneva ulipotimiza miaka 50, Idara ya Posta ya Marekani iliutolea stempu. Kitu kilichofichwa uvunguni mwa kitanda kimebandikwa juu ya barua za taifa. Haikosi wazee wengi walioziona stempu zile walicheka peke yao, na baadhi yao wakapanda darini kutafuta sanduku.

Msomaji na amfikirie baba mmoja wa kizazi hicho. Amelipata sanduku, amelifuta vumbi, naye siku ya Jumamosi amemwita binti yake wa miaka 11 mezani. Amechora ramani mpya usiku wa kuamkia siku hiyo. Dadu zile zile zipo, kona zake zimelika. Binti anakaa, anachagua kuwa mchawi, anatupa dadu, anacheka mara mbili. Ni mtoto mwenye adabu. Baada ya saa moja anatazama dirishani, kisha anauliza kwa sauti ndogo, "Baba, naweza kwenda sasa?" Baba anajibu kwamba anaweza. Anapobaki peke yake na kuanza kuzirudisha dadu katika mfuko wake, anaona kifuani uchungu ambao haulingani na jambo lililotokea. Mtoto amechoka na mchezo; basi ni nini hicho kilichouma?

Jawabu ni kwamba sanduku lile halikuwa na mchezo peke yake. Lilikuwa na vitu vitatu. Kitu cha kwanza ni furaha: baba aliwahi kuonja jambo tamu, na mpenzi haoni utamu kamili mpaka amwonjeshe ampendaye. Kitu cha pili ni hoja: tangu utoto wake baba ana kesi dhidi ya waliomcheka, na mtoto akiupenda mchezo itakuwa kana kwamba hukumu imetolewa, na yeye ameshinda. Kitu cha tatu ni kiti kitupu. Mtoto aliyekuwa akicheza na wenzi wawili tu, au akizisoma kanuni za mchezo peke yake kwa sababu hakuwa na wa kucheza naye, hakuondoka moyoni mwa mtu mzima. Yu bado mezani, anangoja mwenzi wa umri wake aje akae mbele yake. Na baba, bila ya kujijua, amemleta binti yake akikalie kiti hicho.

Katika vitu hivyo vitatu, cha kwanza peke yake ndicho zawadi. Cha pili na cha tatu ni mizigo iliyofungwa kwa karatasi ya zawadi. Mtoto hawezi kuwa shahidi katika kesi iliyofungwa kabla ya kuzaliwa kwake. Wala hawezi kuwa rafiki wa utoto wa mzazi wake, hata angalitaka, kwa sababu utoto huo umepita na wake ndio kwanza unakwenda. Akipewa mizigo hiyo huihisi, ijapokuwa hana maneno ya kuitaja. Huona kwamba uso wa baba hung'aa zaidi ya inavyopasa anapofanya vizuri, na hufifia zaidi ya inavyopasa anapopiga mwayo. Hapo mchezo huacha kuwa mchezo. Huwa mtihani, na mtihani wenyewe ni wa mapenzi.

Yamkini mtu atasema kwamba malezi yote ndivyo yalivyo. Samaki mkunje angali mbichi, asema mhenga. Na mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hakuna anayemngoja mtoto achague mwenyewe kusoma, kunawa mikono, kusema kweli, au kuwaheshimu wakubwa. Hoja hiyo ni nzito, na katika mahali pake ni ya haki. Lakini wenye kuitoa huchanganya mambo mawili. Yako mambo ambayo mtoto hana budi kuyajua kwa sababu watu wengine wataishi naye: ukweli, adabu, kazi, kiasi. Mambo hayo ni haki ya jamii juu yake, na mzazi ni mdhamini wa haki hiyo. Na yako mambo ambayo faida yake yote iko katika kupendwa kwenyewe. Stempu isiyopendwa ni karatasi. Mchezo usiopendwa ni kazi isiyo na ujira. Mtoto aweza kuamriwa akae mezani, lakini hawezi kuamriwa afurahi. Akiamriwa atajifunza kuigiza furaha, na huo ni unafiki wa kwanza ambao wazazi wema huwafunza watoto wao.

Historia ina ushahidi wa jambo hili. James Mill wa London alimpenda mwanawe John Stuart, aliyezaliwa mwaka 1806, akampa alichokipenda yeye mwenyewe kuliko vyote, yaani elimu na ndoto ya kuitengeneza dunia kwa nuru ya akili. Mtoto alianza Kigiriki akiwa na miaka 3 na Kilatini akiwa na miaka 8. Hakuachwa acheze na wavulana wengine. Naye alifanikiwa kupita matumaini. Kisha mwaka 1826, akiwa na miaka 20, alijiuliza swali moja: ikiwa mabadiliko yote anayoyatamani duniani yangetimia dakika ile, je, yeye angekuwa na furaha kubwa? Moyo wake ukamjibu kwamba la. Aliingia katika kiza cha miezi mingi. Ameeleza mwenyewe, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1873, kwamba miongoni mwa mambo yaliyomponya yalikuwa mashairi ya Wordsworth, ambayo aliyasoma mwaka 1828. Baba hakumpa mashairi yale. Aliyaokota mwenyewe, na kwa hiyo yakawa yake. Mill hakuidharau zawadi ya baba yake; aliifanyia kazi mpaka mwisho wa maisha. Walakini mtu hawezi kuishi kwa mapenzi ya kupewa peke yake.

Basi je, mzazi aufunge uraibu wake kabatini, na afe nao? Hilo lingekuwa kosa la upande wa pili. Mtoto anayemwona mzazi wake akipenda kazi na wajibu tu, aweza kudhani kwamba utu uzima ni mahali pasipo furaha, na akaogopa kukua. Tena upo ushahidi mwingine, na wa kwanza hupatikana katika mchezo ule ule wa Lake Geneva. Gygax alipoanza kuuandika, baada ya kuonyeshwa na Arneson mwaka 1972 namna ya kucheza, watu wa kwanza kuujaribu mezani kwake walikuwa watoto wake mwenyewe, Ernie na Elise. Tena husimuliwa kwamba jina lilipotafutwa, majina mengi yalisomwa nyumbani, na lile lililochukuliwa lilipendwa na binti yake mdogo, Cindy. Watoto wale hawakurithi mchezo uliokamilika, wenye historia ya majeraha. Waliukuta ungali udongo mbichi, nao wakatia mikono yao. Baba hakuwaambia, "Pendeni hiki." Aliwauliza, "Sasa mnafanya nini?" Na swali hilo, kwa bahati njema, ndilo msingi wa mchezo wenyewe.

Ushahidi wa pili ni wa Tolkien. Mtu huyu, mwalimu wa lugha za kale katika chuo cha Oxford, alikuwa na uraibu ambao aliuonea haya: kubuni lugha zisizosemwa na taifa lolote, pamoja na sarufi zake. Mwaka 1931 aliusema hadharani katika mhadhara, akiuita tabia mbaya ya siri. Alikuwa na watoto wanne, wavulana watatu na msichana mmoja. Kuanzia mwaka 1920 hata 1943 aliwaandikia barua kila Krismasi, zenye picha na mwandiko wa kutetemeka, kana kwamba zimetoka kwa Baba Krismasi katika Ncha ya Kaskazini. Aliwasimulia pia kisa cha mtu mfupi mwenye miguu ya manyoya, ambacho kilichapwa mwaka 1937. Mmoja wa watoto hao, Christopher, angali mdogo sana, alimkatiza akisema kwamba mara iliyopita mlango wa mtu yule ulikuwa wa buluu, na leo umekuwa wa kijani. Baba alinung'unika, akainuka, akaenda kuandika sahihisho.

Mtoto yule aliendelea kusahihisha maisha yake yote. Baba yake alipofariki mwaka 1973, aliyakusanya maandishi yaliyobaki, akatoa kitabu cha kwanza mwaka 1977, na kazi hiyo ikamshughulisha hata uzeeni. Alifariki mwaka 2020. Hakuna mfano ulio wazi zaidi wa uraibu wa mzazi kuwa maisha ya mwana. Lakini anayeutaja mfano huo hana budi kuutaja wote. John, ndugu yake mkubwa, alikuwa padre. Michael alikuwa mwalimu wa shule. Priscilla alifanya kazi ya ustawi wa jamii. Baba alikuwa yule yule, na barua za Krismasi zilikuwa zile zile. Watoto wanne walifunguliwa mlango mmoja. Mmoja aliingia akakaa, na watatu walipita wakaenda zao. Ni nani atakayethubutu kusema kwamba hao watatu hawakupokea kitu? Walipokea miaka mingi ya kuona mtu mzima mwenye heshima akicheza bila ya haya mbele yao. Kilichorithiwa na wote wanne hakikuwa majitu na lugha za kubuni, bali ruhusa ya kupenda.

Hapa ndipo swali la mwanzo linapoanza kupata jawabu. Uraibu haurithishiki, ruhusa ya kuwa nao hurithishika. Mtoto aliyechekwa zamani hakukosa mchezo, kwani mchezo alikuwa nao. Alichokikosa ni mtu mzima mmoja wa kumwambia, "Hilo ulipendalo silielewi, lakini nionyeshe." Kwa hiyo baba yule wa sanduku, akitaka kwa dhati kumpa binti yake kile ambacho yeye hakupewa, asimpe dadu. Ampe maneno hayo.

Kuyatoa maneno hayo ni kugumu zaidi ya kutoa dadu. Binti yule, alipotoka mezani, hakwenda kukaa bure. Alikwenda chumbani kwake, ambako ana albamu yenye picha ndogo za waimbaji wa Korea, kila moja katika kifuko chake cha plastiki. Anayajua majina yao, siku zao za kuzaliwa, nyimbo walizoziimba na mwaka wa kila wimbo. Anajua picha ipi ni adimu na ipi ni ya kawaida. Husimama mbele ya kioo akijifunza hatua za ngoma zao mpaka miguu imuume. Wiki iliyopita baba alipita mlangoni, akaiona albamu, akasema kwa mzaha, "Unatunza karatasi hizo kama hati za nyumba." Hakukusudia ubaya. Lakini maneno hayo, kwa sauti hiyo hiyo, yaliwahi kusemwa na mtu mwingine juu ya karatasi nyingine zilizoandikwa nguvu za mashujaa na wachawi, na aliyeyasikia wakati ule alikuwa yeye.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Na ajabu ya mwanadamu ni kwamba aweza kuwa wote wawili katika maisha mamoja, asijuane. Mtu aliyechekwa hudhani kwamba amekingwa na kosa la kucheka wengine. Hakukingwa. Kumbukumbu ya maumivu humfunza mtu kulitambua jeraha linalofanana na lake, si kila jeraha. Atamtetea mtoto anayependa majoka, kwa kuwa majoka ni nchi yake; na papo hapo atamcheka anayependa waimbaji, kwa kuwa nchi hiyo hajaifika. Wazazi waliochoma magazeti ya picha mwaka 1948 walikuwa nao watoto hapo nyuma, na hapana shaka walikuwa na vitu walivyovipenda ambavyo wazee wao waliviona upuuzi. Moto haukuzuiwa na kumbukumbu hizo.

Haina maana kwamba kila apendacho mtoto ni chema, au kwamba mzazi amevuliwa kazi ya kulinda. Picha za waimbaji wale hufichwa ndani ya kifuko cha santuri, mnunuzi asijue atapata ipi, ili asipoipata aitakayo anunue nyingine. Na baba ana haki, tena ana wajibu, wa kuzungumza na binti yake juu ya fedha na hila za wauzaji. Yako pia mambo yenye madhara makubwa kuliko hayo, ambayo mzazi hana ruhusa ya kuyafumbia macho. Lakini madhara ni kitu kimoja na ugeni ni kitu kingine. Madhara huonekana katika mtoto mwenyewe: kama analala, kama anakula, kama ana marafiki, kama husema kweli, kama furaha yake humpanua au humfunga. Ugeni huonekana katika macho ya mzazi tu. Aliye mwadilifu hutazama kwanza, akauliza, akakaa chini, ndipo akahukumu. Na hakuna awezaye kutazama uraibu wa mtoto kwa haki naye amesimama mlangoni.

Hata hivyo baba asione haya kulirudisha sanduku mezani siku nyingine. Mtoto ana haki ya kujua kwamba mzazi wake aliwahi kuwa na miaka 11, kwamba aliogopa kucheka kwa wenziwe, na kwamba kulikuwa na kitu alichokipenda hata hivyo. Habari hiyo ni sehemu ya nasaba yake, nayo humfaa siku atakapochekwa yeye. Ila sanduku likiwekwa, liwekwe kama chakula kinavyowekwa mbele ya mgeni: kimefunuliwa, kimekaribishwa, na mgeni hahesabiwi matonge. Akila kidogo asilaumiwe. Asipokula asidhaniwe kwamba amemdharau mpishi. Tena mwenyeji mwema huweza siku moja kuwa mgeni, akala chakula asichokizoea katika nyumba ya mwingine, na akauliza kimepikwaje.

Baba yule, dadu zikiwa bado mkononi, aweza kwenda mlangoni pa chumba cha binti yake na kubisha. Aweza kukaa sakafuni, kwa kuwa hakuna kiti, na kuomba aonyeshwe albamu. Kwanza binti atamtazama kwa wasiwasi, maana hajasahau neno la wiki iliyopita, na baba atapaswa kuliondoa neno hilo kabla ya jingine kusemwa. Kisha ukurasa wa kwanza utafunguliwa. Atatajiwa majina tisa, atayachanganya, na atasahihishwa. Na akiwa msikivu atatambua namna ya kusahihisha kule, kwa haraka na kwa ukali wa mtu ambaye hawezi kuvumilia mlango wa buluu uitwe wa kijani.